Kilima Upara Kilipofagiwa

Ditram Haule alikuwa mtu wa reli mpaka kwenye kucha. Baba yake alitoka Songea akiwa kijana, akaja kukata mkonge Kimamba, akafia huko huko. Mtoto akaona mkonge una miiba, akakimbilia reli. Kwa miaka ishirini na mbili alishika bendera kwenye stesheni ndogo ya ile njia inayotoka Kilosa kwenda Mikumi hadi Kidatu, na katika miaka yote hiyo hakuna treni iliyompita bila yeye kuwa amesimama wima, kofia imenyooka, vifungo vyote vimefungwa, hata kile cha shingoni ambacho kilimkaba tangu siku ya kwanza.

Kisha ukaja wakati wa soko huria. Kila mahali watu walikuwa wanapunguzwa kazini, na waliopunguzwa waliambiwa wasisikitike kwa sababu sasa kila mtu yuko huru kujiajiri. Mwaka tisini na tano Ditram naye akaambiwa yuko huru. Alipewa barua, cheti cha utumishi mwema na mkono wa kwaheri, akarudi nyumbani kwake Msongole, kijiji kilicho katikati ya Kilosa na Mikumi, akiwa na miaka hamsini na hajui kufanya kitu kingine chochote duniani isipokuwa kusubiri treni.

Miezi ile ya mwanzo ilikuwa mibaya, na sioni sababu ya kuipamba. Aliamka saa kumi na moja kama kawaida, akanyoa ndevu, akapiga pasi shati, akalivaa, akakaa kwenye kiti mbele ya nyumba. Majirani walipita na majembe yao wakamsalimia. Walirudi saa saba wakamkuta pale pale, wakamsalimia tena, na salamu ya pili ilimuuma kuliko ya kwanza.

"Baba Deo," mkewe Hildegarda alimwambia siku moja, akigeuza vitumbua vyake vya kuuza, "hilo shati unalipigia pasi uende wapi?"

Hakuwa mwanamke mbaya, Hildegarda. Aliuliza tu kwa sababu mkaa unanunuliwa. Lakini Ditram alijisikia aibu hadi masikioni, na kuanzia siku hiyo akawa anaondoka nyumbani asubuhi kwenda kujificha. Alikwenda kujificha Kilima Upara.

Kilima kile kinaitwa hivyo kwa sababu hakina mti hata mmoja. Ni majani matupu kuanzia chini hadi juu, marefu wakati wa masika, na maua madogo madogo ambayo hakuna aliyewahi kuyapa jina. Chini yake kuna chemchemi inayotoa maji kidogo na tope jingi. Watu wa Msongole hawakukijali. Hakina kuni, hakina mawindo, na kina upepo. Kwa mtu anayetaka asionekane hana kazi, palikuwa mahali pazuri.

Sasa, siku ya tatu ya kujificha, Ditram akaona kitu. Saa nne kasorobo tope lilikuwa tupu. Saa nne kamili walianza kushuka vipepeo kutoka kilimani, kwanza wawili, kisha kumi, kisha wengi hata tope likageuka rangi. Walitua, wakakunja mabawa, wakanywa. Kesho yake akaja na saa ya mkononi. Saa nne kamili, wakashuka. Keshokutwa, vilevile. Ditram, ambaye maisha yake yote alisubiri treni za saa nne zinazofika saa kumi, aliitazama saa yake, akawatazama vipepeo, na moyo wake ukasimama wima kama alivyokuwa akisimama yeye mwenyewe zamani. Hatimaye amepata kitu kinachofika kwa wakati.

Ndivyo alivyopenda. Nasema kupenda kwa sababu hakuna neno jingine. Kwa vile hakujua majina yao, aliwapa ya kwao. Wale weupe wanaokuja kwa makundi na kubanana aliwaita Daraja la Tatu. Wadogo wa rangi ya samawati, wasiopumzika, walikuwa Vibarua. Yule mweusi mwenye mkanda wa kijani kibichi mgongoni, anayekuja peke yake bila haraka kana kwamba wote wanamngoja yeye, alikuwa Stesheni Masta. Na kulikuwa na mmoja mnene, mwenye mikia miwili, anayepita kwa kasi kama jiwe la manati na asiyetua ila mara moja moja. Huyo alikuwa Ekspresi. Kwa miaka minne Ditram aliwahesabu aina, akapata ishirini. Kijijini wakamwita Bwana Vipepeo. Hakuna aliyekusudia kumsifu.

Basi mwaka tisini na tisa, mwenyekiti wa kijiji akatangaza kwamba amepatikana mwekezaji.

Mwenyekiti huyo, Melkizedek, alikuwa mtu mwenye tumbo la mamlaka na mapenzi makubwa ya hotuba. Mwekezaji alitaka kulima alizeti Kilima Upara, chote, juu hadi chini, kwa trekta. Kijiji kilishangilia kwa sababu wakati ule neno mwekezaji lilishangiliwa kabla ya kuulizwa. Ditram peke yake hakushangilia. Alikwenda nyumbani, akaandika barua kwa mradi mmoja wa mazingira uliokuwa na ofisi Morogoro, kwa mwandiko ule wa kuandikia ripoti za stesheni. Alieleza kwamba kilima kina aina ishirini za vipepeo, kwamba hufika saa nne kamili, na kwamba kwa heshima na taadhima anaomba mtu aje kuona kabla trekta halijafika. Alipiga muhuri wa kidole kwa sababu barua isiyo na muhuri aliiona uchi.

Jibu likaja baada ya wiki tatu, na likamtia homa. Mtaalamu, Bi. Irine, angefika Jumatano ya mwisho ya mwezi wa tano, kwa siku moja tu. Akiona aina kumi na tano au zaidi, mradi utaandika kilima kuwa hifadhi ndogo ya kijiji, na utamhitaji mtunzaji. Asipoziona, kijiji kiendelee na mipango yake. Melkizedek aliisoma barua hiyo mara mbili na kusema yeye yuko tayari kwa lolote. Hotuba mbili alishaziandika, moja ya alizeti na nyingine ya vipepeo, na zilitofautiana sehemu chache tu.

Hapa sasa lazima nimlete Ngassa.

Ngassa alikuwa Msukuma aliyehamia Msongole miaka minane nyuma, na mkewe Limi, na ng'ombe arobaini wenye pembe. Alikuwa mrefu, mkimya, na mkali wa utani. Kwa kuwa Ditram ni Mngoni, na Wangoni na Wasukuma ni watani tangu enzi za mikuki, walikuwa na haki ya kutukanana hadharani bila mtu kukasirika, na waliitumia haki hiyo kila walipokutana. Lakini jambo moja halikuwa utani. Kila asubuhi ng'ombe wa Ngassa walipita kwenye chemchemi ya Kilima Upara kunywa maji. Walisimama kwenye lile tope, wakalikoroga, wakajisaidia haja zote mbili bila haya, kisha wakaondoka. Ditram alipofika aliona mavi, kwato na mikojo pale pale ambapo baada ya saa moja wangetua abiria wake. Kwa mtu wa reli ni sawasawa na kumkuta ng'ombe kwenye jukwaa la daraja la kwanza.

Kwa hiyo barua ya Morogoro ilipofika, Ditram alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti akadai ng'ombe wazuiwe. Melkizedek, ambaye hakutaka mgeni rasmi akanyage mavi, akaandika amri siku hiyo hiyo. Kwa wiki mbili, hakuna ng'ombe kukanyaga Kilima Upara. Ngassa akabaki na njia moja tu, ya kuwapeleka ng'ombe mtoni, mwendo wa saa tatu kwenda na saa tatu kurudi.

Njia ikiwa wazi, Ditram akaanza kazi. Na hapa ndipo ninapomwonea huruma, kwa sababu alichofanya ndicho ambacho kila mmoja wetu angefanya. Kwetu mgeni wa serikali hakaribishwi kwa uchafu. Zamani, mkaguzi wa reli alipotangazwa kuja, stesheni nzima ilipigwa deki, majani yakafyekwa, mawe ya pembeni yakapakwa chokaa, na mkaguzi akashuka, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akapanda tena bila kukagua kitu. Ditram hakujua njia nyingine ya kupendwa na ofisi.

Akafyeka majani yote kuzunguka chemchemi, hatua hamsini kila upande, hata pakawa kama kichwa cha mtoto aliyetoka kwa kinyozi. Akazoa mavi kwa karai, safari thelathini na moja. Akafagia kwa ufagio wa chelewa, akafuta nyayo za kwato moja moja. Akamwaga mchanga safi juu ya tope. Akakusanya mawe, akayapanga safu mbili kuanzia barabarani hadi kwenye maji, akayapaka chokaa. Hildegarda alipomletea chakula siku ya mwisho alisimama akashika kiuno.

"Baba Deo, pamekuwa pazuri kama kwa padri."

Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka minne kumsifu kwa kazi. Ditram alikula ugali wake akitabasamu peke yake. Hakugundua kwamba kwa siku nne, tangu amwage ule mchanga, hakuwa ameona hata Kibarua mmoja. Alikuwa anapaka chokaa, na mtu anayepaka chokaa anatazama jiwe.

Jumatano ikafika. Bi. Irine alishuka kwenye gari la mradi saa nne kasoro dakika kumi, msichana mwembamba wa miaka thelathini hivi, suruali, kofia ya kitambaa, daftari mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Karibu Kilima Upara." Ditram alikuwa amefunga vifungo vyote.

Melkizedek alikuwa ameleta viti vitano, meza yenye kitambaa cha maua, na hotuba ya kurasa saba. Bi. Irine alitembea katikati ya mawe meupe, taratibu, akitazama kushoto na kulia. Alitazama majani yaliyofyekwa. Alitazama mchanga. Uso wake ulikuwa wa heshima tupu.

"Pamependeza sana, mzee," alisema.

"Tumejitahidi."

"Na vipepeo?"

"Saa nne kamili," Ditram alisema, akainua mkono kutazama saa.

Saa nne kamili ikafika. Hakikushuka kitu. Saa nne na robo akapita panzi mmoja, akaruka juu ya jiwe la chokaa, akaondoka. Saa nne na nusu Ditram alisikia jasho likimtiririka mgongoni na kuingia kwenye mkanda wa suruali.

"Wamechelewa kidogo," alisema.

Maneno hayo alikuwa ameyasema kwa abiria maelfu na hayakumuuma hata siku moja. Leo yalimuuma.

Saa tano Melkizedek alikohoa, akakunja hotuba ya vipepeo, akaiweka mfuko wa kushoto. Kisha akaingiza mkono mfuko wa kulia, ule wa alizeti. Ditram aliuona mkono ule na akaona trekta. Aliona majani yanageuzwa juu chini, Stesheni Masta anazunguka bila pa kutua, na yeye mwenyewe amekaa tena kwenye kiti mbele ya nyumba, salamu ya asubuhi na salamu ya saa saba, hadi afe. Akakaa kwenye jiwe bila kujali kwamba chokaa bado ni mbichi.

Bi. Irine akachuchumaa kando yake.

"Mzee Ditram, nikuulize. Hapa huwa wanapita ng'ombe?"

"Hapana!" Ditram alisema kwa haraka. "Nimewazuia. Nimezoa yote. Hutakuta hata alama."

"Kwa nini?"

"Walikuwa wanakojoa humu humu, mama. Kila siku. Uchafu mtupu."

Bi. Irine akafumba macho kidogo, kama mtu aliyepata jibu la hesabu iliyomsumbua.

"Mzee wangu," alisema kwa upole, "kipepeo hashuki hapa kwa kiu ya maji. Maji anayapata kwenye umande. Anatafuta chumvi, na chumvi iko kwenye huo mkojo. Wewe umewaandalia wageni meza, ukaosha sahani, ukatandika kitambaa, ukamwaga chakula."

Ditram alimtazama. Akautazama mchanga wake safi. Safari thelathini na moja za karai zilimpita kichwani moja baada ya nyingine.

"Nina hadi saa tisa," Bi. Irine alisema. "Zaidi ya hapo dereva hakubali."

Ditram akainuka, suruali nyeupe matakoni, akachukua ndoo ya chokaa, akaimwaga, akaanza kukimbia.

Kwa Ngassa ni mbali, tena ni mlima, na alifika akihema. Ng'ombe walikuwa wamerudi muda mfupi kutoka mtoni, wamesimama zizini, matumbo yamejaa maji. Ngassa alikuwa amekaa kwenye gogo akivua viatu vya matairi. Nyayo zake zilikuwa zimepasuka. Limi alikuwa anapeta mahindi mlangoni.

"Karibu mtani," Ngassa alisema bila kuinua kichwa. "Umekuja kuniongezea wiki nyingine?"

Ditram alikuwa amepanga maneno njiani, lakini aibu ilikuwa imeyala yote. Hakuweza kuomba ng'ombe. Wiki mbili hizi amewafukuza, atawaombaje? Kwa hiyo akaomba kitu kidogo.

"Mtani, naomba mkojo."

Ungo wa Limi ukasimama hewani.

"Nini?" Ngassa akauliza.

"Wa ng'ombe. Ndoo moja tu." Akainyanyua ionekane.

Ngassa alimtazama kuanzia suruali ya chokaa hadi kifungo cha shingoni. Alitazama muda mrefu, kwa raha, kama mtu anayeonja asali.

"Limi," akaita, "njoo uone. Babu zake walikuja kwetu na mikuki wakachukua ng'ombe. Mjukuu amekuja na ndoo kuchukua mikojo. Huu ukoo umeshuka mpaka huku!"

Limi alicheka hadi akaweka ungo chini. Ditram naye angecheka siku nyingine. Lakini machozi yakamlengalenga, na Ngassa akayaona, akaacha.

"Kuna nini?"

Ditram akamweleza yote, vibaya vibaya, mwisho ukitangulia mwanzo. Alizeti, saa tisa, chumvi, karai. Alipofika kwenye mchanga safi Ngassa aliinamisha kichwa, mabega yakatikisika, lakini hakutoa sauti.

"Ng'ombe hakojoi kwa amri, mtani," alisema hatimaye. "Na mkojo wa ndoo utafika umepoa. Wanatakiwa waende wenyewe."

"Basi nakuomba waende."

"Mimi sina neno. Nilitembea saa sita kwa siku kwa ajili ya barua yako, na miguu hii unaiona, lakini mimi ni mtani wako, nitavumilia. Waliofukuzwa ni wale." Akaelekeza kidole zizini. "Waombe wao."

"Ngassa, muda..."

"Mkubwa wao ni yule dume mweusi. Anaitwa Meneja. Muungwana sana, ukimwendea kwa adabu."

Ditram alimtazama kuona kama ni utani. Ulikuwa utani, na haukuwa na mlango wa kutokea. Akaweka ndoo chini. Akaenda hadi kwenye mti wa mlango wa zizi, akasimama wima, akavua kofia.

"Ndugu Meneja," alisema. Meneja akaendelea kucheua. "Mimi Ditram Haule, nilisema kwamba ninyi ni uchafu. Nilikosea. Sikujua. Nilidhani ile ni stesheni yangu, kumbe ninyi ndio mliokuwa mnaiendesha. Nimewatesa na safari ndefu, ninyi na..." Akageuka akatazama zile nyayo zilizopasuka. "Ninyi na mwenyewe. Naomba radhi."

Limi hakucheka tena. Ngassa alikuwa ameshavaa viatu vyake vya matairi. Alipita mbele ya Ditram, akavuta mti wa zizi, akapiga mluzi.

Saa saba na robo ng'ombe arobaini waliingia Kilima Upara katikati ya mawe meupe, wakayaangusha karibu yote. Melkizedek alipanda juu ya kiti. Meza ya maua ikapinduka. Ng'ombe wakafika kwenye chemchemi, wakaukanyaga ule mchanga mpaka ukazama, tope likarudi juu, wakasimama. Basi. Wakasimama tu.

Bi. Irine alishika kalamu, Ditram alishika kichwa. Watu wazima, pamoja na Hildegarda na majirani waliokuja kuona kelele za nini, walisimama juani wakiangalia matako ya ng'ombe kwa matumaini. Dakika tano. Dakika kumi. Melkizedek, ambaye hakuweza kuvumilia kimya mbele ya mgeni rasmi, akatoa hotuba. Alitoa ya mfuko wa kulia, akagundua, akatoa ya kushoto.

"Ndugu mgeni rasmi," alianza akiwa juu ya kiti, "kwa niaba ya serikali ya kijiji..."

Meneja akainua mkia.

Sijui ilikuwa hotuba au yale maji ya mtoni. Ninachojua ni kwamba akianza mmoja wengine hufuata, na kwa ukurasa mzima wa kwanza Kilima Upara kilisikika kama paa la bati wakati wa masika. Ngassa alisimama amekunja mikono, mtu mwenye mali. Hildegarda alijifunika uso kwa khanga. Ditram alikuwa akitabasamu kuliko siku aliyofunga ndoa, na Hildegarda, aliyekuwepo siku hiyo ya ndoa, aliliona hilo na akalihifadhi kwa matumizi ya baadaye.

Ngassa akawasogeza ng'ombe pembeni. Jua likapiga tope. Wakangoja.

Saa nane kasoro kumi akatua Kibarua mmoja. Akatua wa pili. Kisha Daraja la Tatu wakaja na fujo zao, wakabanana, na nyuma yao wa njano, wa machungwa, wenye madoa, wenye mistari. Bi. Irine akapiga magoti kwenye tope, suruali na yote, akaandika bila kutazama daftari. "Saba," alisema. "Tisa. Kumi na moja." Ditram alimnong'oneza majina yake, naye akayaandika kando ya ya kwake ya kisomi. Saa nane na robo Stesheni Masta alishuka peke yake, bila haraka, wote wakimngoja. Alikuwa wa kumi na tano.

Hildegarda alikuwa amekuja karibu. Miaka minne alisikia habari za vipepeo na hakuwahi kuja kuwaona. Sasa alitazama lile tope linalopumua rangi, akasema polepole, "Kumbe."

Walifika kumi na tisa. Ndipo kitu kikapita kwa kasi juu ya vichwa vyao, kikarudi, kikazunguka, kikatua kwenye kiatu cha kulia cha Melkizedek, ambacho kilikuwa kimekanyaga mavi mabichi wakati wa kushuka kwenye kiti.

"Usisogee!" Bi. Irine alisema.

"Mheshimiwa, nina ukurasa wa tatu..."

"Usisogee wala usiseme."

Na hivyo mwenyekiti wa Msongole, kwa mara ya kwanza tangu achaguliwe, akasimama kimya mbele ya wananchi robo saa nzima, mguu mmoja mbele, huku Ekspresi akinywa kwenye kiatu chake kwa utulivu.

Saa tisa kasorobo dereva akapiga honi. Bi. Irine akajifuta tope magotini.

"Ishirini, mzee. Kama ulivyoandika. Kilima kitabaki. Nitaandika hivyo kesho."

Ditram akainama kwa heshima.

"Na tutakuandika wewe mtunzaji, ukikubali. Lakini kuna masharti."

Ditram akachomoa kalamu haraka na kipande cha karatasi. Masharti aliyaelewa vizuri kuliko furaha.

"Ng'ombe wa mzee Ngassa wapite kila siku."

Akaandika.

"Usifyeke. Kwenye hayo majani ndimo wanamotaga mayai."

Akaandika.

"Usifagie. Usizoe. Usimwage mchanga. Na chokaa, mzee wangu, kamwe."

Aliandika yote, akapiga mstari chini, akangoja. Bi. Irine hakuongeza.

"Sasa, mama," Ditram aliuliza, "kazi yenyewe ni ipi?"

"Akija mtu na jembe au moto, umzuie. Hilo litatokea mara moja kwa mwaka, pengine. Siku nyingine zote unakuja asubuhi, unakaa, unaangalia. Hufanyi kitu."

"Hufanyi kitu," Ditram alirudia.

"Kabisa. Wengi hawawezi. Wewe naona umeweza miaka minne."

Ditram alimtazama Hildegarda, kisha akamtazama tena mtaalamu. Sauti yake ikawa ndogo.

"Hilo litaandikwa kwenye barua? Kwamba ndiyo kazi?"

"Litaandikwa."

"Na muhuri?"

"Na muhuri, mzee."

Gari likaondoka. Ditram akaupa mgongo umati wote, akageukia kilima, akainua kidole kama mtu anayehesabu vipepeo. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Alikuwa analia, na kila mtu aliona. Ngassa, ambaye kwa haki ya mtani angeweza kumtangazia kilio hicho kijiji kizima mpaka siku ya kumzika, alikohoa, akaanza kuwahesabu ng'ombe wake upya, kwa sauti, mmoja mmoja, hadi arobaini.